Mjini, kandokando ya mji, au Kamanyola?

Ziwa Kivu liko juu, Ziwa Tanganyika liko chini, na mto Ruzizi unashuka kutoka la kwanza kwenda la pili. Maji ya Kivu yako kama mita 1,460 juu ya bahari, na maji ya Tanganyika kama mita 770. Basi mto huo unateremka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni, baada ya Bukavu, ambapo mto unapita katika makorongo na kupiga kelele kati ya mawe. Ndipo watu walipojenga viwanda vya umeme, cha kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, cha pili mwaka 1989. Mto ukifika Kamanyola umekwisha kutulia. Milima inabaki nyuma, uwanda unafunguka mbele, na joto linampokea msafiri kama mlango wa tanuri.

Kamanyola iko mahali hapo hasa, mlima unapokwisha. Ng'ambo ya mto ni Bugarama, katika nchi ya Rwanda. Kusini kidogo ni Burundi. Rwanda huitwa nchi ya vilima elfu, lakini mahali pake pa chini kabisa ni hapo kando ya Ruzizi, mita 950 tu. Kwa hiyo mpunga hustawi pande zote mbili za mto, na mbu pia.

Jina la Kamanyola lilikwenda mbali kuliko Kamanyola yenyewe. Mwaka 1964 palikuwa na mapigano huko, na Mobutu alipokuwa rais alikiita kikosi kimoja cha jeshi lake Kamanyola. Hata uwanja mkubwa wa mpira wa Kinshasa uliitwa hivyo, mpaka mwaka 1997 ulipopewa jina la Stade des Martyrs. Mtu wa Kinshasa aliyelijua jina hilo hakujua kwamba ni senta ndogo yenye vumbi, ambapo magari husimama na akina mama hukimbilia madirishani na beseni za nyanya.

Je, Kamanyola ni mji au ni kijiji? Swali hili si jepesi. Ukisimama barabarani utaona maduka, mizigo, wabadili fedha, pikipiki na watu wa mpaka. Utasema: huu ni mji. Lakini zunguka nyuma ya duka, hatua hamsini tu, na utakuta mihogo, migomba, kuku, na mama anayetwanga sombe. Utasema: hiki ni kijiji. Wenye duka na wenye shamba mara nyingi ni watu wa nyumba moja. Mahali kama hapo pana faida zake na taabu zake, na vijana wake wote hufika siku moja penye swali moja: tukae, au twende Bukavu?

Tuseme kuna ndugu wawili wa Kamanyola. Baba yao amefariki. Amewaachia kiwanja chenye nyumba ya matofali na kipande cha shamba la mpunga. Mkubwa anataka vyote viuzwe, ili anunue kiwanja Bukavu. Mdogo hataki. Wanakwenda kwa baba yao mdogo, kama desturi.

"Baba mdogo," asema mkubwa, "hapa tunaoza. Bukavu kuna shule kubwa, kuna kazi, kuna taa."

"Ni kweli, mwanangu. Utakaa wapi Bukavu?"

"Nitapata kiwanja."

"Mtaa gani?"

Kijana ananyamaza. Kusema Bukavu ni rahisi, lakini Bukavu si mahali pamoja.

Zamani za Wabelgiji mji huo uliitwa Costermansville. Wazungu walikaa chini, upande wa Ibanda, katika rasi nzuri zinazoingia ziwani. Waafrika walikaa juu, Kadutu. Mtu hakuingia mjini kwa kupenda kwake. Amri ya mwaka 1931 iliweka mitaa maalumu kwa Waafrika wa mijini, na aliyetaka kuhama kijiji chake alihitaji karatasi ya ruhusa. Mji ulikuwa safi na wenye nafasi, husema wazee. Nafasi ilikuwako kwa sababu wengi walizuiwa mlangoni. Hilo si jambo la kusifu.

Baada ya vita vya pili vya dunia wafanyakazi walizidi, wala Kadutu haikuwatosha. Mwaka 1952 serikali ya Wabelgiji iliunda ofisi ya kujengea Waafrika nyumba katika miji mikubwa ya Kongo, na Usumbura pia, ambayo leo ni Bujumbura. Ofisi hiyo ndiyo iliyojenga Bagira, juu ya kilima, upande wa kaskazini wa Bukavu. Hapakuwa kijiji tena, wala hapakuwa mji wenyewe. Palikuwa mtaa wa kandokando: nyumba za matofali zilizopangwa kwa mistari, kila moja na ua wake, pamoja na shule, soko na mahali pa dawa. Mwenye kazi alichukua nyumba akailipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mtu wa Bagira alilala penye hewa nzuri, akalima mboga katika ua, na asubuhi akateremka mjini kazini.

Kisha uhuru ulikuja, mwaka 1960, na ruhusa za karatasi zikaisha. Watu wakaja. Wengine walifuata kazi, wengine shule. Baadaye, katika vita vya miaka ya 1990 na baada yake, wengi walikimbia tu, maana kijijini hapakulalika. Mji uliojengwa kwa ajili ya maelfu ukapokea malaki, na leo wenyeji wake hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja. Bukavu ni milima na ziwa. Tambarare ni haba. Basi nyumba zilipanda katika miteremko, moja juu ya kichwa cha nyingine, hata mlango wa jirani wa juu ukawa sawa na bati la jirani wa chini.

Huko Kadutu kuna mtaa uitwao Funu. Ardhi yake, zaidi ya kilometa moja ya mraba, inateremka polepole na nyumba zikiwa juu yake. Haianguki kwa ghafula; inatambaa, na mahali pengine hupita mita moja kwa mwaka. Mwenye nyumba huona ufa ukutani, anauziba. Mwaka unaofuata ufa umerudi, tena ni mpana zaidi. Wataalamu walilinganisha picha zilizopigwa kutoka ndegeni tangu mwaka 1947 na picha za siku hizi zinazopigwa kutoka angani juu kabisa. Mwaka 2022 walieleza waliyoyaona: sehemu zilizojaa nyumba zimeongeza mwendo. Sababu yake hasa ni maji. Penye majani na mashamba, mvua husambaa. Penye mabati, mvua yote hukusanyika na kumwagika mahali pamoja, na mabomba yaliyopasuka hulowesha udongo mchana na usiku. Yaani mlima ulikuwa ukienda kabla ya watu, lakini watu wameusukuma.

Haya yote baba mdogo anayajua, maana alipanga chumba Kadutu miaka mitatu. Kwa hiyo anasema: "Mwenye fedha nyingi atanunua Ibanda. Mwenye fedha za kadiri atakwenda pembeni. Mwenye fedha za mpunga wetu atapewa mteremko."

"Basi nitakwenda pembeni," asema mkubwa. "Bagira, au Panzi."

"Vema. Sasa tufanye hesabu."

Hesabu ya kwanza ni ya maji. Tuseme nyumba ina watu 7, na kila mmoja anatumia lita 20 kwa siku: kunywa, kupika, kuoga, kufua. Hizo ni lita 140, yaani bidoni 7 za lita 20. Kila bidoni iliyojaa ina uzito wa kilo 20, na chombo chenyewe juu yake. Kama bomba la mtaa linatoa maji, na liko uani, kazi hiyo si kitu. Lakini mara nyingi bomba la mjini hukauka siku kadhaa, na watu hutafuta chemchemi. Tuseme ni mwendo wa robo saa kwenda, robo saa kurudi, na nusu saa ya kungoja zamu. Bidoni moja imekula saa nzima. Bidoni 7 zimekula saa 7. Wagawie watoto wawili: kila mmoja amepoteza saa tatu na nusu. Atasoma saa ngapi? Tangu Septemba 2019 serikali imesema shule za msingi za umma ni za bure, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mtoto aliyebeba kilo 20 mlimani tangu alfajiri husinzia darasani, na usingizi huo hauandikwi katika hesabu ya karo.

Kama hutaki kutuma watoto, nunua. Bidoni 7 kwa siku ni bidoni 210 kwa mwezi. Weka bei ya mtaani kwenu, uzidishe, uone.

Hesabu ya pili ni ya chungu. Mjini kila kitu hununuliwa: unga, makala, mboga, chumvi, hata majani ya kufungia. Kamanyola chumvi hununuliwa, lakini unga na sombe hutoka nyuma ya nyumba, na mwenye shamba la mpunga hali kwa wasiwasi mpaka mavuno yanayofuata. Nyanya ambazo mama wa Bukavu anazihesabu moja moja sokoni, zimetoka kwenye beseni la Kamanyola. Zimepanda mlima, na bei imepanda pamoja nazo.

Mpaka hapa mdogo anacheka na kumtazama kaka yake. Asicheke mapema. Hesabu ya tatu ni ya miguu na ya barabara, na hapo Kamanyola ndiyo inayolipa.

Kutoka Kamanyola mpaka Bukavu ni kama kilometa 50 tu. Lakini njia ya Kongo hupanda genge la Ngomo, ambapo barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, ukuta upande mmoja na shimo upande mwingine. Wakati wa mvua lori likikwama katika kona, mengine yote hulala nyuma yake, na nyanya huoza ndani. Kwa hiyo miaka mingi magari madogo yamependa kuvuka Bugarama, kupita katika nchi ya Rwanda kwa njia ya lami, na kurudi Kongo penye Bukavu. Mtu anatoka kwao kwenda kwao kwa kupitia nchi ya wengine! Mpaka ukifungwa, safari hiyo hufa siku ile ile.

Sasa fikiri mama ana uchungu wa kuzaa usiku, na mtoto amekaa vibaya tumboni. Kamanyola kuna mahali pa matibabu kwa mambo ya kawaida. Kwa shida kubwa wengi hufikiria Panzi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa zawadi ya Nobel ya amani mwaka 2018. Ajabu ni kwamba hospitali hiyo inayojulikana duniani kote haiko katikati ya Bukavu. Iko kandokando, upande wa kusini, upande ule ule ambako gari la Ngomo huingilia. Mtu wa pembeni mwa mji anaifikia kwa miguu. Mtu wa katikati ya mji anaifikia kwa gari. Mtu wa Kamanyola anaifikia akijaliwa.

Tena kuna malaria. Mlimani mbu ni wachache kwa sababu ya baridi. Bondeni, kando ya mashamba ya mpunga, wako wengi. Shamba lile lile linalolisha nyumba ndilo linalofuga mbu. Chandarua husaidia sana, kama kila mtoto analala ndani yake, wala hakitumiki kuvulia samaki au kufunika miche.

Mwingine atasema: kama Bukavu ni shida na Kamanyola ni shida, twende Uvira, ziwani, penye samaki wa ndagala na mikebuka. Uvira ni mji wenye raha yake, jioni hasa, upepo ukitoka ziwani. Lakini umebanwa: mashariki ziwa, magharibi milima ya Mitumba. Hauwezi kupanuka, unarefuka tu kando ya barabara, toka Kavimvira mpaka Kalundu penye bandari. Mito inayoshuka mlimani hukata mji kabla ya kuingia ziwani. Katikati ya Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, watu makumi walikufa, nyumba nyingi zikaondoka, na kiwanda cha kusafisha maji kikaharibika. Kipindupindu, ambacho hakijatoka Uvira kwa miaka mingi, kilipata njia zaidi. Tena ziwa lenyewe limepanda: mwaka 2021, na zaidi mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba za ufukweni. Katika mji wa namna hiyo hakuna pembeni. Anayetafuta nafasi hupanda mlimani au huingia majini.

Inafaa kusema neno moja juu ya samaki, maana nao walihamishwa. Ziwa Kivu halikuwa na samaki wadogo wa kundi kama ndagala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu walichukua watoto wa samaki hao Tanganyika wakawapandisha mpaka Kivu. Aina mbili walipelekwa. Aina moja hawakuonekana tena. Wa pili walizaa sana, na ndio sambaza ambao watu wa Bukavu huwala leo kama kwamba walikuwako tangu mababu. Lakini watu si samaki, wala hawapandishwi kwa debe.

Yako pia mambo ambayo hesabu haiyajui. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, kisha wakafika Kamanyola. Maelfu ya watu wa uwanda walivuka Ruzizi kukimbilia Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine ndani ya maji. Desemba 2025 vita viliteremka tena kwa barabara ile ile mpaka Uvira. Kwa senta iliyo barabarani, barabara ni soko wakati wa amani, na ni mlango wazi wakati wa vita. Waliokuwa Bukavu walikuwa na fedha mkononi, lakini sokoni chakula kilipungua kwa sababu njia zilifungwa. Waliokuwa na mashamba walikuwa na chakula, lakini hawakuthubutu kwenda kukivuna. Nani alichagua vizuri? Mwaka ule hakuna aliyeweza kumcheka mwenzake.

Kabla ya vita hivyo Kamanyola yenyewe ilikuwa imeanza kubadilika. Wengi walioshindwa na bei za Bukavu walishuka kununua viwanja bondeni. Kiwanja kimoja kiligawanywa viwili, kisha vinne. Ua uliokuwa na mihogo ukawa na nyumba ya kupangisha. Hili ndilo jambo la kuangaliwa kuliko yote. Watu huipenda Kamanyola kwa sababu wanaweza kufanya biashara mbele na kulima nyuma. Kama kila mmoja atauza nyuma yake, patabaki barabara yenye nyumba pande mbili, maji ya kununua kama mjini, na hospitali mbali kama kijijini.

Baba mdogo anawaeleza vijana hayo yote kwa maneno machache kuliko haya, kwa sababu ana kazi shambani. Mkubwa bado anataka kwenda. Mdogo bado anataka kukaa.

"Hujanizuia, baba mdogo?" auliza mkubwa.

"Sijakuzuia. Mtoto wako anamaliza shule ya msingi, na shule unayoitaka iko kule. Panga chumba Bagira mwaka mmoja. Mdogo wako atalima, atakupelekea mchele kila mavuno, nawe utampelekea fedha za mbolea. Watoto wake wakikua watalala kwako."

"Na kiwanja cha hapa?"

"Kiacheni kilipo. Cha Funu kinatembea, hiki hakitembei."

Mdogo anachukua jembe lake. Mkubwa anauliza gari la Bukavu linaondoka saa ngapi, na wanamwambia limekwama Ngomo tangu jana.

Maswali. — Kwa nini viwanda vya umeme vya Ruzizi vilijengwa karibu na Bukavu, wala si karibu na Uvira? — Nani aliruhusiwa kukaa mjini zamani za Wabelgiji, nani alikatazwa? — Kwa nini mabati mengi huongeza mwendo wa ardhi ya Funu? — Nyumba ya watu 9 inatumia bidoni ngapi kwa siku, kama kila mtu anatumia lita 20? Zote pamoja zina uzito gani, bila kuhesabu vyombo? — Leo jioni uliza nyumbani: maji tuliyotumia leo yalitoka wapi, nani aliyaleta, na alitumia saa ngapi?